Elimu ya watu wazima ilivyoshuka kutoka Mlimani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Chuo kikuu cha umma kikitangaza kwamba kitengo chake cha kozi za jioni, kozi fupi na huduma kwa jamii kinaunganishwa, kinahamishwa au kinapewa jina jipya, maswali yanayofuata huwa ni yale yale. Nani atalipa? Cheti kitakuwa cha nani? Na yule mtu wa wilayani aliyekuwa akifuatwa kule kwao, sasa atafuatwa na nani? Tanzania ilishawahi kuyajibu maswali haya kwa vitendo, mwaka 1975, ilipoitoa Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ndani ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Maswali ya hapa chini ndiyo ninayokutana nayo zaidi kuhusu hadithi hiyo na yaliyofuata.

"Masomo ya nje ya chuo" ni kitu gani hasa?

Ni mafunzo ambayo chuo kikuu kinampelekea mtu ambaye si mwanafunzi wake. Karani wa bandarini, mwalimu wa shule ya msingi, katibu wa chama cha ushirika, fundi wa reli. Watu wa namna hii ama hawana sifa za kudahiliwa, ama wanazo lakini hawawezi kuacha kazi na familia kwa miaka mitatu. Chuo kinawafuata baada ya saa za kazi, kwenye darasa la shule ya jirani au ukumbi wa jamii, na mhadhiri anafundisha uchumi, sheria, historia au Kiingereza kwa watu waliokwisha kuoga na kubadilisha nguo za kazi.

Mtindo huu ulitoka Uingereza, ambako vyuo vikuu vilianza kutuma wahadhiri kwenye miji ya viwanda tangu karne ya 19. Makerere iliuchukua mwaka 1953, wakati ikiwa bado chuo kilichoshikamana na Chuo Kikuu cha London, na kutoka Kampala ukasambaa Afrika Mashariki.

Dar es Salaam ulifika lini?

Mwaka 1960, kama kitengo cha Makerere. Ukitazama kalenda utaona jambo la ajabu kidogo: Tanganyika ilikuwa na masomo ya nje ya chuo kabla ya kuwa na chuo chenyewe. Chuo Kikuu kishiriki kilifunguliwa Oktoba 1961 kwenye jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja cha sheria na wanafunzi wachache mno. Kile kitengo cha Makerere kikarithiwa na chuo hicho kipya, na baada ya muda mfupi kikapandishwa hadhi kuwa Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Siku hizi tunaifahamu kwa kifupi chake, TEWW.

Mwaka 1964 chuo kilihamia kule kinakoitwa Mlimani mpaka leo. Kazi ya watu wazima haikuweza kuhamia huko moja kwa moja, kwa sababu wanafunzi wake walikuwa mjini. Ukimwambia karani anayetoka kazini Posta saa kumi na nusu apande Mlimani kwa basi la miaka ile, halafu ashuke usiku arudi Ilala, hutamwona wiki ya pili.

Je, hii ndiyo "ngumbaru"?

Hapana, ingawa watu wengi huzichanganya. Ngumbaru ni jina la mtaani la madarasa ya kisomo, yaani ya kujifunza kusoma, kuandika na kuhesabu, na mara nyingi jina hilo lilitolewa kwa kejeli. Madarasa hayo yalisimamiwa na Wizara ya Elimu kupitia kwa waratibu wa elimu wa wilaya na kata, na walimu wake wengi walikuwa walimu wa shule za msingi pamoja na watu wa kujitolea. Taasisi ya chuo kikuu ilifanya kazi tofauti: ilifundisha wale watakaosimamia kisomo, ilifanya utafiti, iliendesha masomo ya jioni na, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, ikatengeneza kampeni za redio.

Mtu akikuambia kwamba bibi yake "alisoma TEWW" kwenye darasa la ngumbaru chini ya mwembe, inaelekea bibi alifundishwa na mwalimu aliyefundishwa na mtu aliyefundishwa na TEWW. Mnyororo ulikuwa mrefu hivyo.

Kwa nini chuo kikuu kilijiingiza kwenye redio?

Kwa sababu mkufunzi mmoja darasani hufikia watu thelathini, na taifa lilikuwa na mamilioni. Swali hili linastahili nafasi, maana kampeni za redio ndizo zilizoikuza Taasisi mpaka nyumba ya chuo ikawa haiitoshi.

Mwaka 1964, akiwasilisha bungeni Mpango wa kwanza wa Maendeleo wa miaka mitano, Mwalimu Nyerere alitoa hoja kwamba watu wazima lazima waelimishwe kwanza. Watoto waliopo shuleni, alisema, hawataugusa uchumi kwa miaka mitano, kumi au hata ishirini, ilhali watu wazima wanaugusa leo. Katika salamu zake za mwaka mpya akautangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Taasisi ilikuwa tayari imeshaanza kujaribu: Kupanga ni Kuchagua, iliyoeleza Mpango wa pili wa miaka mitano, kisha Uchaguzi ni Wako mwaka 1970, kuhusu uchaguzi mkuu, kisha Wakati wa Furaha mwaka 1971, kwa miaka kumi ya uhuru.

Hayo yalikuwa majaribio madogo. Mwaka 1973 ikaja Mtu ni Afya.

Mpango wake ulikuwa rahisi kuueleza na mgumu kuutekeleza. Vikundi vya watu vinaundwa vijijini, kila kikundi kina kiongozi mmoja na redio moja. Kwa wiki kumi na mbili, siku na saa iliyopangwa, kikundi kinasikiliza kipindi cha Redio Tanzania, kisha mmoja anayejua kusoma anasoma kitabu kwa sauti, kisha watu wanajadili: malaria inaingiaje kwetu, safura, kichocho, kuhara, kifua kikuu, maji tunayochota wapi. Mkutano hauishi mpaka kikundi kimeamua kufanya jambo. Kufyeka majani kuzunguka nyumba, kuchimba choo, kufukia madimbwi, kuchemsha maji. Wiki inayofuata wanaulizana nani amefanya.

Walihitajika viongozi wa vikundi wapatao 75,000, na walifundishwa kwa hatua: wachache walifundishwa na Taasisi, hao wakafundisha timu za wilaya, timu za wilaya zikafundisha viongozi wa vikundi. Washiriki walikadiriwa kufika milioni 2. Kwa nchi ambayo sehemu kubwa ya watu wazima wake walikuwa hawajui kusoma, hilo lilikuwa jambo la kutisha kwa ukubwa. Jina lenyewe limedumu. Wizara ya Afya ililirudisha mwaka 2024 kwa kampeni yake ya usafi, na wazee waliolisikia walitabasamu.

Angalia sasa nani aliyekuwa akiendesha jambo hili. Idara ya chuo kikuu. Iliagiza vitabu kwa wingi wa kitaifa, ilipanga vipindi na redio ya taifa, ilishirikiana na Wizara ya Afya, ofisi za wakuu wa mikoa na matawi ya TANU. Kwa utaratibu wa chuo, mambo makubwa ya idara hupita kwenye bodi, seneti na baraza, na magari na fedha hugawanywa pamoja na za kitivo cha sayansi na cha uhandisi. Mvutano hapo ulikuwa ni suala la muda tu.

Basi hiyo ndiyo sababu iliyoitoa Taasisi chuoni mwaka 1975?

Ni mojawapo, na kwangu mimi ndiyo yenye uzito zaidi. Lakini hazikuwa sababu moja.

Ya pili ilikuwa siasa ya wakati huo. Mwaka 1971 TANU iliazimia kwamba ujinga wa kutojua kusoma ufutwe ifikapo mwisho wa 1975. Azimio la namna hiyo linahitaji chombo kinachopokea maagizo kutoka wizarani asubuhi na kuyafikisha mikoani jioni. Chuo kikuu hakijengwi kwa kazi hiyo. Kimejengwa kwa kubishana.

Ya tatu ilikuwa Madaraka Mikoani ya mwaka 1972, yaliyohamishia maamuzi mengi ya utekelezaji kwenye mikoa na wilaya. Taasisi ilikuwa na wakufunzi wakazi mikoani. Mkufunzi mkazi aliyekuwa mtumishi wa chuo cha Dar es Salaam alikaa kwenye vikao vya mkoa kama mgeni wa heshima, wakati kazi yake ilimtaka awe mwenyeji.

Ya nne ni elimu kwa posta. Tangu 1972 Taasisi ilikuwa ikiendesha masomo kwa njia ya posta, na huo ni mradi unaohitaji stoo, chapa, stempu, wasahihishaji na makarani wa kufungua barua. Hauhitaji profesa.

Kwa hiyo Bunge likapitisha Sheria namba 12 ya mwaka 1975, na Taasisi ikawa shirika la umma linalojitegemea chini ya wizara ya elimu. Mwaka huo huo iliendesha Chakula ni Uhai, kampeni ya lishe.

Mlimani ilipoteza nini?

Hapa ndipo simulizi rasmi hupita haraka, nami napenda kusimama.

Mwezi Novemba 1974 TANU ilitoa Azimio la Musoma. Pamoja na mengine, liliutaka mfumo wa kuingia chuo kikuu ubadilike: mwanafunzi asipande Mlimani moja kwa moja kutoka kidato cha sita, afanye kazi kwanza, apate pendekezo la mahali pake pa kazi na la chama. Maana yake chuo kikuu kilikuwa kinajiandaa kupokea watu wazima kwa wingi kuliko wakati wowote. Na katika miezi ile ile kikatengana na idara pekee iliyokuwa na uzoefu wa miaka kumi na tano wa kufundisha watu wazima: nani husinzia saa mbili usiku, namna ya kumrudisha mtu aliyeacha daftari miaka minane, kwa nini mwanamke huacha darasa mwezi wa kupanda.

Kilichopotea cha pili hakipimiki kirahisi. Idara ya masomo ya nje ilikuwa sikio la chuo. Mhadhiri wa uchumi aliyekwenda kufundisha jioni alirudi na maswali ambayo hakuyakuta vitabuni. Chuo kikuu kisicho na sikio kama hilo hutafuta habari za wananchi kwa dodoso.

Sisemi kwamba kuitoa lilikuwa kosa. Ingebaki, nadhani ingedumaa, kwa sababu katika chuo chochote idara isiyo na wanafunzi wa shahada ndiyo ya kwanza kupunguziwa fungu. Nasema tu kwamba bei ilikuwepo na ililipwa na pande mbili.

Je, baada ya kujitegemea iliendelea vizuri?

Mwanzoni ndiyo. Takwimu za kisomo za miaka ile, ambazo ni kazi ya taifa zima na si ya Taasisi peke yake, zinaonyesha kwamba mwaka 1967 watu wazima wasiojua kusoma walikuwa asilimia 67. Mtihani wa taifa wa 1975 ulikuta wamebaki asilimia 39. Kufikia 1986 ilitangazwa asilimia 9.6. Kulikuwa na magazeti ya vijijini kama Elimu Haina Mwisho la Kanda ya Ziwa, yaliyochapishwa ili mtu aliyejua kusoma juzi asisahau kesho, na vitabu vya kisomo chenye manufaa vilivyofundisha herufi kupitia pamba na migomba. Mwaka 1980 ikaja kampeni ya Misitu ni Mali.

Kisha hali ya uchumi ikabana. Vita, mafuta, ukame, masharti ya wakopeshaji. Karatasi zikaadimika, betri za redio zikaadimika zaidi. Walimu wa kujitolea waliokuwa wakipewa posho ndogo wakaacha kuipata. Shirika linalojitegemea kisheria lakini linalotegemea ruzuku ya serikali na wafadhili wa Sweden kifedha lilijikuta halina mzazi wa kukimbilia. Idara ya chuo kikuu ingekuwa na ukuta wa kujibanza. Kisomo nacho kikarudi nyuma. Sensa na tathmini za baadaye hazikukuta tena ile asilimia 9.6.

Wafanyakazi walipelekwa wapi?

Kazi ilihama na watu wake. Wakufunzi wa Taasisi walibaki kuwa wakufunzi wa Taasisi. Kilichobadilika ni mwajiri, ngazi za vyeo na njia ya kupanda. Mtu aliyekuwa akitarajia kuwa mhadhiri mwandamizi kwa machapisho alijikuta kwenye shirika linalopima vituo vilivyofunguliwa na wanakisomo waliofaulu. Ukitaka kujua moyo wa mpangilio mpya wowote wa chuo, usianze na mchoro wa ofisi. Anza na kanuni za kupandisha vyeo. Mkufunzi anayepandishwa cheo kwa makala hawezi kulaumiwa kwa kutokwenda Liwale.

Kama TEWW ilikuwepo, kwa nini Chuo Kikuu Huria kikaanzishwa?

TEWW ilipanda kutoka chini: kisomo, sekondari kwa posta, stashahada ya elimu ya watu wazima. Haikuwa inatoa shahada za fani mbalimbali kwa mbali. Mwishoni mwa miaka ya 1980 watumishi waliotaka shahada bila kuacha kazi walikuwa wengi, na nafasi za Mlimani na za chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine hazikuwatosha. Kamati iliyoongozwa na Nicholas Kuhanga, aliyewahi kuwa Makamu Mkuu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilipendekeza mwaka 1990 kiundwe chuo kinachojitegemea cha elimu masafa. Sheria namba 17 ya mwaka 1992 ikakiunda, kikaanza kazi Machi 1, 1993, na wanafunzi wa kwanza wakapokelewa Januari 1994 chini ya Profesa Geoffrey Mmari.

Kulikuwa na njia nyingine: Mlimani ingeweza kufungua tawi la masafa ndani yake, kama Makerere ilivyofanya mwaka 1991 kwa shahada za biashara na elimu kwa wanafunzi wa nje. Tanzania ikarudia uamuzi wa 1975: kazi ikikua, ijengewe nyumba yake. Ukiniuliza, safari hii uamuzi ulikuwa sahihi zaidi. Chuo Huria kilipata sheria ya chuo kikuu, seneti yake na shahada zake, pamoja na vituo mikoani, kwa hiyo hakikulazimika kuchagua kati ya hadhi ya kitaaluma na kuwafuata watu walipo.

Makerere wenyewe waliishia wapi?

Walibaki na kitu chao ndani. Idara ya 1953 ikawa kituo cha elimu endelevu, kisha taasisi ya elimu ya watu wazima, na chuo kilipojipanga upya kwa mfumo wa koleji miaka ya 2010 ikaingizwa kwenye Koleji ya Elimu na Masomo ya Nje. Jina "masomo ya nje" limenusurika miongo yote hiyo. Ni jambo la kufurahisha kwa anayependa historia za majina, ingawa jina kudumu si ushahidi kwamba kazi imedumu.

Na Sokoine?

Sokoine, Morogoro, ni mfano wa tatu. Ilizaliwa Julai 1984 kutoka kitivo cha kilimo cha Mlimani, na mwaka 1988 ikaunda Taasisi ya Elimu ya Kujiendeleza ndani ya chuo. Imebaki humo. Sababu naiona kwenye aina ya kazi: mkulima wa mahindi wa Kilosa haji kutafuta cheti, anakuja kutafuta jibu, na jibu lipo kwa mtaalamu wa udongo au wa wadudu aliyekaa ofisi ya pili. Ukitoa kitengo cha ugani nje ya chuo cha kilimo unakikata na jibu lenyewe. Kisomo kinaweza kuishi mbali na maabara. Ugani hauwezi.

Cheti cha TEWW ni cha chuo kikuu?

Hapana. Tangu 1975 Taasisi hutoa vyeti vyake yenyewe. Kozi zake husimamiwa kwa mfumo wa NACTVET, baraza la taifa la elimu na mafunzo ya ufundi, ilhali vyuo vikuu vipo chini ya Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, iliyoanza mwaka 2005. TEWW hutoa astashahada, stashahada na hata shahada, na mtu huajiriwa nazo. Lakini usiambiwe kwamba ni "tawi la UDSM". Mtu anayesema hivyo ama amechelewa miaka hamsini, ama anakuuzia fomu.

Nimeishia darasa la saba na nina miaka 34. Haya yote yananihusu nini?

Yanakuhusu kwa sababu njia utakayopita ndiyo iliyobaki baada ya mapanguo yote haya. Sekondari nje ya mfumo rasmi ina hatua mbili. Ya kwanza inakusanya masomo ya kidato cha kwanza na cha pili, na mwisho wake ni Mtihani wa Maarifa wa Baraza la Mitihani, NECTA, ambao karibu kila mtu anauita QT, kifupi cha jina lake la Kiingereza. Ukifaulu unaingia hatua ya pili, ya kidato cha tatu na cha nne, kisha unafanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mtihani ni ule ule wanaoufanya watoto wa shule. Usidanganyike na anayekuambia upo mwepesi wa watu wazima.

Baadaye, ukiwa na sifa pungufu za kuingia chuo kikuu, zipo programu za msingi za Chuo Huria, na upo utaratibu wa kutambua maarifa mtu aliyoyapata kazini, unaopitia mtihani unaosimamiwa na TCU. Soma masharti ya mwaka husika kabla ya kulipa chochote, maana hubadilika.

Siku hizi kwenye madarasa haya naona wasichana wadogo. Bado ni elimu ya "watu wazima"?

Neno limetanuka kuliko lilivyokuwa. Miaka ya 1970 mwanafunzi alikuwa baba au mama wa shamba. Sasa wengi ni vijana walioacha shule, wakiwemo wasichana waliopata ujauzito. Kabla ya Novemba 2021, serikali iliporuhusu warudi kwenye shule za kawaida, njia mbadala ndiyo iliyokuwa mlango wao, na hata baada ya ruhusa wengi huichagua kwa sababu ina vipindi vya kufaa mtu mwenye mtoto mchanga. Ipo pia programu ya elimu changamani kwa vijana walio nje ya shule, IPOSA, inayochanganya kisomo na stadi za kazi. Mkufunzi aliyefunzwa kufundisha wazee wa kikundi cha redio anatakiwa sasa kumshikia mtu mtoto ili amalize zoezi la hesabu.

Kwa nini vyuo vikuu vinarudi tena kwenye kozi fupi?

Fedha. Ruzuku ya serikali hulipa mishahara na kuacha matumizi mengineyo yakipumulia juu juu. Kozi ya wiki mbili ya usimamizi wa miradi, inayolipiwa na mwajiri, huingiza fedha ambazo idara inaziona kwa macho. Chuo Kikuu cha Nairobi walionyesha ukubwa wa jambo hili walipofungua milango kwa wanafunzi wa kujilipia mwaka 1998. Chuo kilizoea mapato hayo kiasi kwamba yalipopungua, tumbo liliuma.

Kozi ya kulipiwa si dhambi. Tatizo huja inapowekwa chapa ya "huduma kwa jamii" kwenye ripoti ya mwaka. Meneja wa benki aliyelipiwa semina hotelini na mama wa kikundi cha kuweka na kukopa wa Chamwino wote ni jamii, sikatai. Ila mmoja angeipata huduma hata chuo kisingekuwepo.

Chuo kikitangaza mpangilio mpya wa kitengo chake, niulize nini kwenye kikao cha wadau?

Acha jina na nembo, hivyo vitapewa dakika arobaini bila msaada wako. Uliza kasma: je, kitengo kina fungu lake kwenye bajeti ya chuo, au kitakula kile kitakachowinda? Kikiambiwa "kijiendeshe", maana yake mikoa ya mbali imeshafutwa, hata kama ipo kwenye ramani ya ukutani.

Uliza nani atakaa mkoani, kwa mkataba wa namna gani, na akipata gari au hapati. Uliza kazi ya nje itahesabiwaje kwenye kupandisha cheo. Kama kitengo kinavunjwa na kazi kugawiwa kila kitivo, omba utajiwe jina la mtu mmoja atakayepokea simu ya mwananchi asiyejua swali lake ni la kitivo gani. Mara nyingi ukumbi hunyamaza hapo.

Na kama kinatolewa nje kabisa kuwa chombo huru, kama 1975, uliza chuo kitabaki na nini cha kukiunganisha: wahadhiri watakaofundisha, maktaba itakayofunguka kwa kadi ya mtu asiye mwanafunzi, utafiti wa pamoja. Visipoandikwa kwenye sheria au mkataba, vitategemea urafiki wa wakuu wawili, na wakuu hustaafu.

Mkufunzi mkazi wa mkoa wangu nitampata wapi?

Anzia ofisi ya elimu ya mkoa, kwa afisa anayeshughulikia elimu ya watu wazima na elimu nje ya mfumo rasmi. Ukikosa, nenda kwenye shule ya sekondari mjini inayoendesha masomo ya jioni, ukae mlangoni kuanzia saa kumi. Beba cheti chako cha darasa la saba au hati ya kuapa kama kilipotea, na daftari, kwa sababu mara nyingine wanakuambia uanze siku hiyo hiyo.